Mwanya wa Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini sikung'oa jino hata moja, na nilikasirika. Nilikuwa nimetoka kwetu Tinde na sanduku la bati na gauni jeupe nililolipiga pasi ya mkaa mpaka likataka kusimama lenyewe. Nilijiandaa kuwaonyesha watu wa Shinyanga mjini kwamba binti wa mkulima wa pamba anaweza kushika koleo. Ilikuwa miaka ya sitini, nchi changa na sisi wachanga zaidi. Daktari wa Meno wa Mkoa, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha badala ya koleo akanitia mkononi kijiti cha chuma.

"Binti, huyu ndiye mume wako," akasema. "Koleo ni hawara tu. Huja siku ya shida, akaondoka na jino lako."

Manesi walicheka, mimi nikanuna. Ningejua kwamba alikuwa ananitabiria, ningerudi Tinde siku ileile.

Kijiti kile tulikiita probu. Ni chembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, ncha yake butu, nacho kimechongwa alama za milimita kama rula ya mtoto wa shule. Ninyi matabibu wa siku hizi mnakijua, ila wengi wenu naona mnakipitisha mdomoni harakaharaka kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Sisi tulifundishwa kukitembeza. Unakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, bila kusukuma, mpaka kigote chini, halafu unasoma. Mara tatu upande wa nje, mara tatu upande wa ulimi, jino baada ya jino. Kikizama mbili au tatu, fizi ni nzima. Kikizama tano au sita, kuna mfuko pale chini. Ukoga umeganda ukawa chokaa, usaha umejificha, na mfupa wa taya unaolishika jino unaliwa kidogokidogo. Na kina cha mfuko peke yake hakitoshi. Kama ufizi umeshuka, unaanza kuhesabu kwenye shingo ya jino, pale ganda gumu linapoishia na mzizi kuanza, unajumlisha na mfuko, ndipo unajua jino limepoteza kiasi gani cha kushikwa.

"Nguzo ya zizi haiangushwi na jua linaloipiga juu," mzee alizoea kusema. "Huangushwa na mchwa, chini, usikoona. Kazi yako wewe ni chini."

Jambo moja tu lilimfanya apige meza, nalo ni mtu kupunguza namba. "Usimpunguzie mtu!" alikuwa akifoka. "Ukimpunguzia milimita moja kwa huruma, umemdanganya jino zima." Nilikuwa namcheka pembeni na wenzangu, tukiigiza sauti yake. Maneno yake yalikuja kunidai baadaye.

Kazi hiyo ina sharti jingine: ni ya watu wawili. Enzi zetu glavu zilikuwa za wapasuaji. Sisi tuliingia midomoni mwa watu na vidole vyetu wenyewe, vilivyooshwa kwa sabuni na spiriti. Mkono mmoja una kioo, mwingine una probu, yote miwili ina mate na damu. Kalamu utaishikaje? Kwa hiyo mmoja hupima na kutaja, mwenzake huandika kwenye kadi. Pale Shinyanga tulikuwa wengi, na asubuhi chumba kizima kiliimba namba: mbili, tatu, mbili, tatu, tatu, nne. Nilikuwa na furaha pale, wala sikujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe.

Miaka ya sabini ilipoanza nilihamishiwa Ushirombo, kwenye kituo cha afya, peke yangu. Nilipewa chumba kimoja, kiti cha mbao alichokiwekea seremala egemeo la kichwa, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, na dirisha linalotazama barabara ya vumbi. Mganga Mkuu wa Wilaya alipokuja kukagua, nilimwomba msaidizi.

"Wa nini?"

"Wa kuandika, Bwana Mganga. Nikipima siwezi kuandika."

Akavua miwani, akayapangusa macho. "Dada yangu, nina zahanati hazina hata aspirini, wewe unataka mtu wa kukuandikia namba? Watu wa huku wanataka kung'olewa. Ng'oa. Ukitaka kupima, weka kichwani."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wilaya nzima mgongoni. Nikaweka kichwani. Nilipima jino, nikataja namba zake kwa sauti ili nisizisahau, nikanawa, nikaandika, nikarudi kwa jino la pili. Mdomo mmoja ulinila asubuhi nzima. Wagonjwa wengine walidhani nanuiza, maana wanamwona mwanamke mzima anayaambia meno yao "tatu, nne, tatu" huku chumbani hakuna mwingine. Mzee mmoja aliniuliza kama namba zile ni za mizimu ya kwetu.

Basi niwaambieni juu ya upweke wa mtu wa meno, maana hauandikwi kwenye vitabu vyenu vya chuo. Nesi wa wazazi hupewa kuku, watoto hupewa jina lake. Mimi nikipita sokoni, watu walivuka barabara. Hakuna anayependa kukutana na mtu aliyemwona akilia na kutema damu. Watoto waliziba midomo kwa viganja vyao wakiniona. Halafu kule mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, na mimi sikuwa na mwana wala mume, basi watu walikwama katikati ya salamu. "Shikamoo, Mama... Mama..." Mwisho wakanibandika Mama Meno, kana kwamba niliyazaa. Jumapili baada ya misa kila mtu alikwenda kwake, nami nikaenda kwangu kupika ugali. Kupika ugali wa mtu mmoja sikuwahi kuweza, kila siku ulibaki.

Aliyenitoa humo alikuwa mwanamke mmoja muuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa. Alitandika ungo wake chini ya dirisha langu kwa sababu pana kivuli. Jina lake la nyumbani sikulijua kwa muda mrefu, alikuwa Mama Kabula tu, kwa binti yake wa kwanza. Mumewe Masanja alikuwa machimboni upande wa Geita akitafuta dhahabu, akirudi anapojisikia. Siku moja nikiwa katikati ya magego ya mtu, kichwa kikachomoza dirishani, kikanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, Nesi! Unaongea na nani humo?"

"Mwangaluka. Naongea na meno."

"Yanakujibu?"

"Yangejibu ungeniona nimekwishapita dirishani hapo ulipo."

Akacheka. Lo, yule mama alijua kucheka! Alicheka mwili mzima, ungo ukatikisika. Kisha akasema, "Nipe hiyo kalamu. Kusoma nimejifunza juzijuzi elimu ya watu wazima, na namba nazijua tangu zamani, mimi ni mfanyabiashara."

Ilianza kama mzaha, ikawa kazi. Kila siku ya kupima aliacha ungo kwa jirani, akanawa, akakaa pembeni yangu na kadi pajani. Nilimfundisha alama zote, hata methali ya mzee ya mchwa. Baada ya muda hakuandika tu, alielewa. Nikitaja "sita" alikuwa anaguna na kumtazama mgonjwa kwa huruma, "Pole baba, mchwa wamefika." Aliniomba hata probu, akajifunza kuitembeza kwenye meno ya Kabula, akitaja, nami nikiandika. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, nami nilimwambia hivyo.

Jumapili nikala kwake, au yeye kwangu, na ugali ukaacha kubaki. Alinisuka nywele. Alinitania kwamba mume wangu ni kijiti, nami nikamjibu kwamba angalau changu kinalala nyumbani. Nilikuwa na mtu. Nalisema wazi hivyo kwa sababu wengi wenu mnadhani mtumishi wa serikali anahitaji mshahara na nyumba tu.

Sasa sikieni habari ya mwanya. Mama Kabula hakuzaliwa nao. Nilipomjua, meno yake mawili ya mbele juu yalikaa yamebanana. Mwaka wa tatu au wa nne nikaanza kuona uwazi mdogo katikati. Ukakua. Wanawake kisimani wakaanza kumsifu, "Mayu, mama wee, umeota mwanya ukubwani! Mungu ana upendeleo." Mnajua sisi na mwanya, mwenye nao huimbiwa harusini. Masanja aliporudi msimu ule alipagawa. Na kwa bahati, au niseme kwa bahati mbaya, duara lake, yaani shimo analochimba, lilikuwa limetema dhahabu kidogo. Wachimbaji huwa hawakosi sababu. Akatangaza kilabuni kwamba mwanya wa mkewe ndio umemfungulia mwamba. Akamnunulia kanga na redio, na kwa mara ya kwanza akakaa nyumbani mwezi mzima.

Kila mtu aliona uzuri. Mimi niliona meno mawili yanaachana kwa sababu hayana tena cha kuyashika. Hilo ndilo linalotokea mfupa ukiliwa mbele: ulimi unasukuma, meno yanasogea kama nguzo zilizolegea, uwazi unafunguka pasipokuwa na uwazi. Niliona pia wekundu kwenye ufizi, na damu kwenye muwa alioutafuna.

Nilimsihi akae kwenye kiti. Akakataa wiki baada ya wiki, huku akicheka. Asubuhi moja hapakuwa na mgonjwa, akajitupa kitini. "Haya, Mama Meno, nipime uridhike. Lakini nani ataandika?"

"Nitaweka kichwani."

"Aa, wapi! Lete kadi. Nitaandika mwenyewe."

Akaiweka kadi pajani, kalamu mkononi, akaachama. Nikaanza na magego. Mbili, tatu, tatu. Akaandika. Tatu, tatu, mbili. Akaandika, macho yanacheka. Nikafika mbele. Nikaiingiza probu kando ya jino la kushoto la mwanya ule, bila kusukuma, kama nilivyofundishwa. Ikazama. Ikaendelea kuzama.

Jamani, mnisikilize hapa. Yule alikuwa rafiki yangu wa pekee katika wilaya nzima. Nilijua akisikia namba ataielewa, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe. Mgonjwa mwingine ningemwambia polepole, kwa maneno laini, kesho yake au keshokutwa. Yeye angeisikia palepale na kuiandika kwa mkono wake. Na ningeweza kusema tatu. Nani angejua? Tungekwenda kula. Nikamsikia yule mzee wa Shinyanga akipiga meza.

"Saba," nikasema.

Kalamu haikusogea.

Nikapima upande wa pili wa mwanya. "Saba."

Akanishika mkono, akautoa mdomoni. "Rudia."

"Saba, Mama Kabula. Yote mawili. Mfupa umekwenda. Lakini yanaweza kubaki, sikiliza, nitakwangua ukoga wote mpaka chini, nitayafunga kwa waya laini yasogeleane, utapiga mswaki kama nitakavyokuonyesha..."

"Yasogeleane." Alilisema neno hilo taratibu. "Unataka kuuziba mwanya wangu."

"Nataka kuyaokoa meno yako."

Akasimama. Sijawahi kumwona na uso ule. "Masanja amekaa nyumbani mwezi mzima. Mwezi mzima! Unajua nimeungoja miaka mingapi? Wewe huna mume, huna mtoto, hata jina huna, unaitwa kwa meno ya watu. Sasa umeona mwanya wangu nao unakuzidi."

Aliweka kalamu juu ya meza, taratibu, wala hakuitupa. Hilo liliniuma zaidi. Wiki ile Masanja alimchukua yeye na Kabula wakaenda machimboni, na ungo wa matobolwa ukahamia kwa mwanamke mwingine ambaye hakupenda kivuli cha dirisha langu. Nililia, sioni aibu kusema. Kisha nikarudi kuongea na meno.

Baada ya miaka hiyo nilipelekwa Geita. Hospitali kubwa, watu wengi, wachimbaji wamevimba mashavu, wanataka kung'olewa leo warudi shimoni leo. Daktari wa Meno wa pale alikuwa kijana mpole aliyesoma mbali. Alinipa nesi wa kuandika, tena mwenye hati nzuri kuliko yangu. Nikitaja namba kubwa, nesi yule aliandika tu na kungoja inayofuata. Hakuna aliyeguna.

Katika kila foleni ya wake wa wachimbaji nilitafuta uso mmoja. Nikiona kanga imefunika mdomo, nilisogea karibu, kanga ikishuka ni mwingine. Daktari aliniuliza siku moja, "Mama, kuna mtu unamtafuta?" Nikamjibu, "Meno tu, Daktari." Akanitazama kidogo, akaniacha. Alikuwa na adabu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nikastaafu. Wakanifanyia sherehe, soda na pilau. Mganga Mkuu akasoma hotuba, akakosea jina langu, akalirudia vizuri, watu wakapiga makofi. Daktari kijana akanipa zawadi ya probu niliyoitumia, alama zake zimefifia nusu. "Haina kazi tena kwetu, Mama," akasema, "lakini nadhani kwako inayo."

Nikarudi Tinde, nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara ya magari makubwa. Mkiniuliza kazi imeniachia nini, nitasema mikono mizuri na mgongo mbaya. Na nitawaambia kitu ambacho hamjawahi kukifikiria. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunipima mimi. Kinyozi hajinyoi. Shinyanga tulikuwa vijana, tulijiona wazima. Ushirombo nilikuwa peke yangu. Geita, nani angemwambia mkubwa wake akae aachame? Nilipoanza kuhisi gego moja la chini linacheza nikitafuna, nilijua maana yake, nikanyamaza. Nilihamia kutafuna upande wa pili. Mtu anayeishi peke yake hujizoesha mambo mengi hivyo.

Asubuhi moja nikiwa nachagua mchele, nikasikia hodi. Mwanamke amesimama mlangoni, kanga imefunika mdomo.

"Mwangaluka, Mama Meno."

Sauti ile ningeijua hata kaburini. Nikasema, "Mwangaluka," nikamsogezea kigoda.

Akaishusha kanga. Meno ya mbele hayakuwapo, juu hata moja, chini yamebaki ya kuhesabika. Akaniacha nitazame mpaka nikatosheka. Kabula alikuwa ameolewa Isaka, akanieleza, mumewe anapakia mizigo relini, na huko ndiko yeye Mama Kabula alikosikia kwamba Tinde kuna mama mstaafu wa meno. Nikamuuliza habari za Masanja.

"La kwanza lilipoanguka alisema litaota. Lilipoanguka la pili duara likakauka, akaoa mwingine hukohuko." Akaketi kwenye kigoda. "Nilijua ulisema kweli. Siku ileile nilijua, na ndiyo maana nikakutukana. Ungesema uongo ningekucheka tu."

"Pole."

"Pole ya nini? Wewe ndiye uliyekaa peke yako." Akatazama chumba changu, sufuria yangu moja, sahani yangu moja. Kisha akanitazama mdomoni. Nilikuwa natafuna punje ya mchele, na yeye aliona. "Unatafuna upande mmoja. Nani amekupima?"

Nikaendelea kuchagua mchele.

"Kijiti unacho?"

Nikakitoa sandukuni. Alikichemsha mwenyewe, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, akaniweka kwenye kiti mlangoni penye mwanga. Alinipa kalamu na kipande cha karatasi. Nikaachama. Vidole vyake vilinuka sabuni na viazi, na mkono ulikuwa mwepesi vilevile.

"Mbili," akasema, akikaza macho kwenye alama zilizofifia. "Tatu. Tatu."

Nikaandika. Akasogea nyuma, kwenye gego lile. Nilihisi chuma kinashuka, kinashuka, lakini namba haikutoka. Magari mawili yakapita barabarani. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Nikauondoa mkono wake kidogo. "Usinipunguzie."

"Sikupunguzii." Akafuta macho kwa bega. "Saba, Mama Meno. Pole, mama. Mchwa wamefika."

Nikaandika saba. Niliiandika kubwa, isomeke.

"Endelea," nikamwambia. "Bado upande wa ulimi."